Kanuni na Sababu Yake: Uhakiki wa Lugha ya Masharti ya Darasa la Kemia katika Kivu ya Kaskazini

1.0 Utangulizi

Mwaka wa masomo unapoanza, ukurasa wa kwanza wa kayee ya kemia hujazwa maandishi ambayo bado si kemia. Mwalimu huandika ubaoni masharti ya darasa pamoja na yale anayoyatarajia kwa wanafunzi wake, wanafunzi hunakili, kisha ukurasa hufunuliwa na somo la kwanza huanza. Wahakiki wa fasihi hawajishughulishi na maandishi ya namna hii, na wanaisimu nao huyapita wakitafuta matini ndefu zaidi. Hata hivyo masharti hayo ni matini kamili. Yana msemaji, yana hadhira, yana sauti ya mamlaka, na yana athari. Matini nyingine ikiandikwa vibaya humchosha msomaji. Hii ikiandikwa vibaya inaweza kumuunguza.

Makala haya yanayahakiki masharti hayo kama utanzu wa lugha, kwa kuyatazama kutoka Shasha, kijiji kilichoko ukingoni mwa Ziwa Kivu, kusini mwa Sake, katika teritwari ya Masisi. Hoja inayotetewa ni kwamba kanuni ya kemia haijakamilika mpaka itaje sababu yake, na kwamba sababu hiyo haina budi kusemwa kwa lugha ambayo mwanafunzi huitumia anapokabiliwa na hatari.

2.0 Mazingira ya lugha

Mtoto wa Shasha hulelewa kwa Kihunde au Kinyarwanda, na Kiswahili hukikuta sokoni, barabarani, kanisani na katika michezo. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inaitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na inavitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa na za mazingira nafasi ya kufundishia na ya kufundishwa. Lakini mwanafunzi anapofika humanite za sayansi, katika tawi la biolojia na kemia, nafasi hiyo imekwisha kufungwa. Somo ni kwa Kifaransa, mtihani wa serikali ni kwa Kifaransa, na masharti ya ukurasa wa kwanza ni kwa Kifaransa.

Upande wa mashariki hali si tofauti sana. Nchini Tanzania, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Istilahi zilipatikana, ila kemia ya sekondari iliendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Funzo lake ni dogo lakini lina maana: kuwa na majina ya vitu si sawa na kuwa na lugha ya kuamrishana na kuelezana juu ya vitu hivyo.

3.0 Muundo wa masharti

3.1 Uzito wa vipengele

Kasoro ya kwanza ni ya mpangilio. Katika orodha ya kawaida, kufika kwa wakati, kufunika kayee kwa karatasi safi, kutoongea bila ruhusa, kutoonja kemikali na kutomimina maji ndani ya asidi hufuatana kama ndugu wa umri mmoja. Adhabu nayo huwa moja: kutolewa darasani au kupunguziwa alama. Mwanafunzi anayesoma orodha hiyo anajifunza kwamba jalada chafu na jicho lililopofuka ni makosa ya daraja moja. Orodha isiyopambanua haitishi wala haielekezi.

Inafaa pia kukumbuka kwamba shule nyingi za vijijini hazina maabara. Kemia hufundishwa kwa chaki na ubao. Hapo masharti kuhusu koti jeupe, miwani na bomba la gesi huwa maelezo ya mahali ambapo mwanafunzi hajawahi kupaona, naye huyanakili kama anavyonakili jina la mfalme wa kale. Mkosi ni kwamba kemia yenyewe haisubiri maabara. Asidi ya batiri iko kwa fundi wa magari, na hewa inayofuka katika ndizi zinazochachushwa kuwa kasiksi ni ileile inayoandikwa ubaoni kwa alama za CO2.

3.2 Nafsi ya anayeambiwa

Kasoro ya pili ni ya sarufi. Kifaransa cha masharti hupenda kitenzi kisicho na nafsi: Ne pas goûter. Kitenzi hicho hakimlengi mtu yeyote. Kikihamishiwa katika Kiswahili neno kwa neno huzaa "kutoonja", au "hairuhusiwi kuonja", au "ni marufuku kuonja". Miundo yote hii ni sahihi, lakini yote humwondoa mtu katika sentensi. Kiswahili kina njia yake iliyo fupi na yenye nguvu zaidi: "Usionje." Kiambishi cha nafsi kinamshika mkono msomaji mmoja na kumwambia kwamba ni yeye.

Tena neno "marufuku" lina historia yake. Mwanafunzi wa Masisi amesikia marufuku nyingi kutoka kwa watu wenye silaha. Huzitii wakiwapo na huziacha wakiondoka. Kanuni ya kemia ikivaa sauti hiyohiyo itapata utiifu wa namna hiyohiyo, utiifu wa mbele ya mwalimu tu.

Wapo wanaohofu kwamba Kiswahili cha Kivu kiko mbali mno na Kiswahili Sanifu. Katika wingi tofauti hiyo inaonekana kweli, kwa kuwa Sanifu husema "msionje" ilhali Goma na Bukavu husema "musionje". Lakini katika umoja, "usionje" ni "usionje" kuanzia Bukavu hadi Unguja. Mwalimu anayeandika kwa umoja anajiepusha na ugomvi wa lahaja, na papo hapo anapata sauti inayomgusa kila mmoja.

3.3 Mpangilio wa maneno

Kasoro ya tatu inaonekana katika kanuni maarufu kuliko zote, ile ya kuchanganya asidi na maji. Asidi ya salfuriki ikikutana na maji hutoa joto jingi. Asidi ikitiwa kidogokidogo ndani ya maji mengi, maji hulipokea joto hilo na kulisambaza. Maji yakimiminwa juu ya asidi, hubaki juu kwa kuwa ni mepesi, huchemka ghafla, na huruka pamoja na asidi kuelekea usoni mwa aliyeyamimina.

Sasa itazamwe sentensi "Tia maji asidi". Kwa desturi ya Kiswahili, anayeambiwa "tia chai sukari" hujua kwamba sukari ndiyo iingiayo katika chai. Kwa kipimo hicho, "tia maji asidi" ni agizo salama. Lakini mwingine atafuata mfuatano wa maneno, atashika maji kwanza kwa kuwa yametajwa kwanza, na atayamimina. Sentensi moja ina tafsiri mbili, na mojawapo inaunguza. Agizo lisilo na utata ni "Tia asidi ndani ya maji, polepole, usitie maji ndani ya asidi, kwa sababu yatachemka na kuruka." Hapa sababu inafanya kazi ya kisarufi: hata asiyesikia vizuri nusu ya kwanza atasahihishwa na nusu ya pili.

4.0 Mazuku: kanuni iliyokwisha kuwako

Ingekuwa kosa kudhani kwamba watu wa ukingo wa Kivu wanangoja shule iwafundishe tahadhari juu ya gesi. Katika eneo la volkano kati ya Goma na Sake, karibu na ziwa, kuna mashimo na mabonde madogo ambamo hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutuama. Wenyeji huiita mazuku, na neno hilo limeingia katika maandishi ya wataalamu wa volkano duniani kote. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Molekuli yake ina uzito wa 44, ilhali wastani wa hewa ya kawaida ni karibu 29; ndiyo maana hulala chini kama maji katika beseni. Hatari huzidi usiku na alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya. Ziwa lenyewe limebeba vilindini gesi hiyohiyo, takriban kilomita za ujazo 300, pamoja na methani. Maafa ya Ziwa Nyos nchini Kamerun, yaliyoua watu wapatao 1,700 tarehe 21 Agosti 1986, yalitokana na hewa hiyo kutoka ziwani na kuteremka mabondeni.

Kanuni ya wenyeji, ile ya kutoshuka bondeni alfajiri, ni kanuni ya kemia katika Kiswahili, nayo hutamkwa kwa nafsi, kwa lugha inayoogopesha. Hata hivyo nayo ina pengo. Mazuku hufasiriwa kuwa upepo mbaya, na upepo ni kitu kinachopita. Mwenye kuamini hivyo anaweza kungoja upite, au kushuka kumwokoa aliyeanguka akidhani umekwisha kupita, naye akaanguka juu yake.

Hapa ndipo thamani ya sababu inapodhihirika. Mtoto aliyefundishwa kwamba nyumba ikiungua lazima ainame na kutambaa amefundishwa vyema, kwa sababu moshi wa moto hupanda. Mtoto huyohuyo akiinama katika mazuku anautumbukiza uso wake katika kifo, kwa sababu hewa ya ukaa iliyotuama hukaa chini. Kanuni mbili zinapingana, na hakuna ukali wa mwalimu unaoweza kuzipatanisha. Sababu moja inazipatanisha: chenye joto na wepesi hupanda, kilicho kizito hushuka.

Tena kanuni ya mahali haihami na mtu. Mwanzoni mwa 2024 mapigano yalifika Shasha na kuikata barabara ya Sake kwenda Minova; mnamo Januari 2025 Minova, Sake na Goma ziliingia mikononi mwa M23. Familia nyingi za Masisi zilikuwa zimekimbilia kambi za magharibi ya Goma, kama Bulengo, katika ukanda uleule wa mazuku. Anayejua tu kwamba bonde fulani la kwao ni baya hana faida na ujuzi huo katika bonde geni. Anayejua kwa nini bonde ni baya ameondoka kwao na kanuni yake.

5.0 Hoja za upinzani

Inasemekana kwamba mtihani wa serikali unahitaji Kifaransa, na kwamba kuandika masharti kwa Kiswahili ni kumcheleweshea mwanafunzi. Hoja hii ina uzito kuhusu majina ya elementi, fomula na mazoezi, ambayo yanaweza kubaki yalivyo. Lakini masharti ya usalama si maswali ya mtihani. Mtahini wake ni asidi, nayo haisahihishi Kifaransa cha mtu.

Inasemekana pia kwamba sababu hurefusha orodha na hufungua mlango wa mabishano katika darasa lenye wanafunzi wengi. Ni kweli orodha itarefuka kama vipengele vyote vitabaki. Yakitengwa masharti ya adabu na masharti ya hatari, yale ya hatari hayatakuwa mengi, na kila moja litapata nafasi ya "kwa sababu" yake. Ama mabishano, mwanafunzi anayeuliza kwa nini asinuse chupa moja kwa moja ameanza kusoma kemia.

6.0 Hitimisho

Masharti ya darasa la kemia, jinsi yanavyoandikwa kwa kawaida, yana kasoro tatu: yanalinganisha visivyolingana, yanaamuru bila kumlenga mtu, na yananyamazia sababu. Kiswahili kinaweza kuzirekebisha zote bila kungoja istilahi mpya, kwa kuwa zana zinazohitajika ni nyenzo za kila siku za sarufi: nafsi ya pili umoja, maneno "ndani ya", na "kwa sababu". Walimu wa lugha na walimu wa sayansi wakikaa meza moja kuuandika upya ukurasa huo wa kwanza, watakuwa wamefanya kazi ya isimu iliyo na manufaa ya wazi. Pasipo maabara, ukurasa huo ndio kinga pekee ambayo mwanafunzi huondoka nayo darasani.