Kabla Mashine Haijaokota

Katika nyumba nyingi za vijijini Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, ukutani karibu na betri ya sola hukaa kiboksi ambacho mafundi hukiita kontrola. Kazi yake ni kuilinda betri isichajiwe kupita kiasi wala isikaushwe. Mtu wa kata ya Rugu, Karagwe, akikifungua siku kitakapogoma, atakuta bodi ya kijani iliyojaa rizista, kapasita na dayodi, na baadhi yake zina urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8. Hakuna anayezisifu. Sifa zote huenda kwa paneli, kwa sababu ndiyo inayoonekana juu ya bati.

Mimi nataka kuisifu ile bodi, na zaidi ya bodi, nataka kuyasifu maandalizi yake kabla haijapelekwa kwenye mashine. Siku hizi vifaa vidogo namna ile havibandikwi sana kwa mkono. Kuna mashine inayoviokota kwa pua inayonyonya hewa, ikavipitisha juu ya kamera ili ione vimekaa upande gani, kisha ikaviweka mahali pake. Za viwandani hubandika makumi ya maelfu ya vifaa kwa saa. Lakini zipo ndogo za kukaa mezani, zinazobandika mia kadhaa hadi elfu chache, na hizo ndizo zinazonivutia, kwa kuwa karakana ya watu watatu inaweza kuwa nayo. Mmoja wa mifano yake, LumenPnP, uliobuniwa na Mmarekani Stephen Hawes, michoro yake iko wazi kwa yeyote, na programu inayoiendesha, OpenPnP, ni ya bure.

Mashine hii ni tiifu mno. Ukiiambia iweke dayodi kinyume, itaiweka kinyume kwenye bodi zote hamsini bila kusita. Kwa hiyo ufundi wote uko kwa aliyeiandaa.

Niliwahi kumtazama binti mmoja akiandaa bodi katika karakana ndogo Nairobi, na nilichokiona kwanza ni kwamba mashine ilikuwa imezimwa. Alikuwa na mchoro, kibano na lenzi. Alianza na alama za pembeni. Ili kamera ijue bodi iko wapi, mchoraji huacha vidoa vya shaba vya mviringo, kipenyo milimita 1, bila kupakwa rangi ya kijani, na kila kimoja huzungukwa na uwazi ili kisichanganywe na kitu kingine. Viwili hutosha, vitatu ni bora. Uzuri uko katika mpangilio: kimoja husogezwa kidogo makusudi, kisilingane na wenzake, ili bodi ikiwekwa kichwa chini miguu juu, kamera isikione na mashine igome kuanza.

Kisha linakuja faili la vipimo. Kila kifaa kina mstari wake: jina, umbali wa kwenda kulia, umbali wa kwenda juu, na nyuzi za mzunguko. Umbali si taabu, mradi sifuri ya mchoro na sifuri ya mashine ziwe kwenye kona moja. Taabu iko kwenye mzunguko. Aliyechora umbo la kifaa kwenye kompyuta ana sifuri yake, na kiwanda kilichokipanga kifaa kwenye mkanda kina sifuri nyingine. Hapo hakuna njia ya mkato. Binti yule aliukunjua kila mkanda chini ya lenzi, akaangalia mstari wa dayodi unaelekea wapi ukilinganisha na matundu ya mkanda, akaandika nyuzi kwa mkono, akaenda mkanda unaofuata. Ukifikiria kontrola ya Rugu utaelewa kwa nini. Katika kontrola nyingi rahisi, dayodi moja huzuia umeme wa betri usirudi kwenye paneli usiku. Igeuze, na umeme wa paneli hautafika kwenye betri kamwe. Mwenye nyumba atalaumu jua, au betri, au aliyemuuzia.

Akishamaliza mikanda, fundi makini haanzi bado. Hutandika tepu yenye gamu pande mbili juu ya bodi tupu na kuiamuru mashine ibandike vyote humo. Ni jaribio ambalo gharama yake ni ndogo, maana vifaa huweza kubanduliwa na kutumika tena. Kila kilichokaa mshazari huonekana kwa macho, na faili hurekebishwa.

Hapo ndipo pesti ya kulehemu inapotolewa, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Pesti ni chembe za metali, mara nyingi zenye kipenyo cha maikromita 25 hadi 45, zilizochanganywa na fluksi mpaka zikawa laini kama samli iliyoganda. Ile ya zamani, bati asilimia 63 na risasi 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Isiyo na risasi, yenye fedha na shaba kidogo, huanza kuyeyuka kwenye 217. Hutunzwa kwenye friji, na kopo haliruhusiwi kufunguliwa likiwa la baridi. Hukaa mezani saa kadhaa likiwa limefungwa. Ukilifungua mapema, tena katika asubuhi ya mvua kama zetu za Karagwe, unyevu wa hewa utageuka matone juu ya pesti, na maji hayo yatachemka kwenye oveni ya kuyeyushia pesti na kurusha vijipira vya metali kila mahali.

Bodi huzungushiwa mabaki ya bodi nyingine zenye unene uleule wa milimita 1.6, yakagandishwa mezani ili isisogee hata unywele. Juu yake hulazwa stensili, bati jembamba la milimita 0.1 hadi 0.15 lenye tundu kwa kila mahali panapohitaji pesti. Fundi hulinganisha matundu na shaba, huweka tuta la pesti upande mmoja, kisha hulivuta kwa bapa la chuma lililoinama nyuzi 60 hivi. Mara moja, kwa mwendo mmoja. Akirudia, pesti husukumwa chini ya bati. Kisha bati huinuliwa wima.

Binti yule aliinua, akaiweka bodi chini ya lenzi, akakaa kimya. Kati ya miguu miwili ya chipu moja pesti ilikuwa imeungana. Ningekuwa mimi ningechukua sindano nikapasua katikati. Yeye aliifuta bodi nzima kwa spiriti, akasafisha stensili pande zote mbili, akaanza upya. Ndipo akaiendea mashine.

Kazi hii si ngeni upande wetu wa dunia. Ng'ambo ya mto Kagera, mjini Kigali, Oktoba 2019 Rais Kagame wa Rwanda alizindua kiwanda cha simu za Mara, na bodi za simu hizo zilitengenezwa humohumo. Na Karagwe yenyewe, katika miaka ya 1990, shirika la KARADEA lilikuwa na kituo cha mafunzo ya umeme jua kilichofundisha mafundi, wakati sehemu nyingi za nchi hazijaanza kuufikiria.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa vyuo vya ufundi vya Kagera na kwa vijana wa Rugu wanaofungua kontrola zilizokufa. Msisubiri mashine. Nunueni stensili moja, kopo dogo la pesti, lenzi na kibano, mtafute friji ya kuitunzia pesti, muanze na vifaa vikubwa kidogo, vya milimita 2 kwa 1.25, mkivibandika kwa mkono. Mashine itakapokuja, itawakuta mmeshajua sehemu ngumu.