Mahali pa Kusimama Dhoruba Inapokuja

Picha kali za tornado zinazotufikia kutoka Oklahoma na Kansas hazipatikani kwa mbio za gari. Zinapatikana kwa sababu mpigaji alijua asimame wapi. Kule tambarare, wingu kubwa linalozunguka kwa kawaida huelekea kaskazini mashariki, mvua nzito na mawe yakitangulia, na tornado hushuka nyuma yake, upande wa kusini magharibi. Basi mwindaji wa dhoruba hujiweka kusini mashariki na kutazama kaskazini magharibi. Mvua iko kuliani kwake, njia ya kukimbilia kusini iko wazi, na jua la jioni liko nyuma ya dhoruba. Jua hilo ndilo linaloijenga picha: mkonga wa wingu hutokea mweusi tii mbele ya ukanda wa anga ya manjano. Aliyeko upande wa pili, jua likimpiga mgongoni, huupata mkonga uleule ukiwa mweupe.

Nafasi hiyo ya kusini mashariki ina mauti ndani yake. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tornado ilipanuka hadi kilomita 4.2 na kubadili njia ghafla, huku mvua imeificha. Iliwaua mtafiti wa tornado Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Samaras hakuwa mtu wa pupa. Mwaka 2003, huko Manchester, South Dakota, kifaa alichokiweka kwenye njia ya tornado kilipima kanieneo ya hewa ikishuka kwa milibari 100.

Mombasa hatuna mawingu ya namna hiyo. Tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na pepo za juu na za chini mara nyingi hazipishani kwa nguvu ya kulizungusha wingu zima. Tuna radi za masika na vuli. Mkonga wa maji baharini nao hauhitaji wingu linalozunguka: hutosha pepo mbili dhaifu zikutane juu ya maji ya joto, chini ya wingu linalokua. Mtafiti Joseph Golden, aliyeichunguza mikonga ya Florida akiwa angani kwa ndege, alionyesha kwamba huanza kwa doa jeusi juu ya maji. Anayekodolea mawingu peke yake huchelewa.

Kwetu kinachofuatwa ni saa. Mchana upepo wa bahari husukuma unyevu bara, na alasiri mawingu huumuka juu ya Rabai na Shimba Hills. Usiku mambo hugeuka: umande, yaani ule upepo utokao nchi kavu, hukutana na hewa ya bahari huko nje, na mvua huzuka majini kuelekea alfajiri. Kwa hiyo alasiri panda Changamwe, utazame magharibi. Alfajiri shuka Shelly Beach, Likoni, au ufuo wowote wa Kisauni, utazame mashariki. Mara zote mbili jua liko nyuma ya wingu. Nafasi ambayo Mmarekani huisakia mamia ya kilomita hutujia yenyewe, na inaniuma kuona picha za mvua tunazozizoea ni za barabara zilizofurika tu.

Radi ya kabla ya mapambazuko inataka tripodi na subira. Zima fokasi ya kujiendesha, ulenge taa za meli zilizotia nanga nje mpaka ziwe nukta kali. ISO 100, f/8, shata wazi sekunde 15 hadi 20, kisha piga mfululizo bila kungoja mwako, kwa kuwa ukishauona umeshapita. Kukianza kupambazuka, punguza muda, la sivyo anga yote itakuwa nyeupe. Kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi hufunga ukungu kwenye lenzi mara tu ikikutana na joto la pwani, hivyo itoe mapema izoee. Ufuoni kuna chumvi pia: tone dogo la povu likikauka kwenye kioo, kila mwako hupata duara la ukungu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu.

Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo. Kila 3 ni kilomita 1 hivi. Zikipungua chini ya 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10, na mtu aliyesimama wima kwenye mchanga mtupu karibu na tripodi ya chuma ndiye mrefu kuliko vyote hapo. Kunja vifaa. Picha zilizobaki pigia ndani ya gari, vioo vimepandishwa.