Mteremko Uliofichwa Kwenye Mifereji

Ramani ya inchi 6 kwa maili moja, yaani 1:10,560, ambayo Ordnance Survey ya Uingereza iliichora kwa kaunti ya Yorkshire katikati ya karne ya 19, husifiwa kwa wingi wa majina yake. Kwa mabonde ya Sheffield, nadhani sifa hiyo imeelekezwa pasipostahili. Utajiri wake umo katika michoro ya maji. Kando ya mito Rivelin na Loxley vilipangana vinu vya kunolea visu na kufua chuma, kila kimoja na banio, mfereji, bwawa na gurudumu lake. Maji yakishalizungusha gurudumu hurudi mtoni, na mbele kidogo banio la jirani huyadaka tena. Kontua hazitoshi kuonyesha mpangilio huo, maana anguko la mita tatu humezwa kati ya mstari na mstari. Mfereji ndio unaolifichua. Huchimbwa karibu usawa huku mto ukizidi kushuka pembeni, kwa hiyo urefu wake hupima ukali wa mteremko. Mto unaoshuka mita 20 kwa kilomita hutoa mita hizo tatu ndani ya mita 150, ambazo karatasini hazifiki sentimita moja na nusu. Ukishuka mita 5 tu, mfereji utadai mita 600, karibu sentimita sita. Rula inatosha.

Mtu atasema banio lenyewe huinua maji, hivyo hesabu inayumba. Ni kweli, na ndiyo maana inafaa kulinganishia kinu na kinu, si kutajia kimo kamili. Hoja nzito zaidi ni kwamba ramani haisemi gurudumu lipi lilikuwa linazunguka siku ya upimaji. Lakini mfereji uliokauka hauhami, na mteremko wake unabaki ule ule. Karatasi za Loxley, tena, zilipimwa kabla ya bwawa la Dale Dyke kupasuka tarehe 11 Machi 1864 na kuua watu wasiopungua 240, hivyo zinaonyesha vinu ambavyo mafuriko hayo yalivikumba.

Njia hii hukoma mashariki ya mji. Kwenye tambarare ya mto Don kulikuwa na reli tangu 1838, na mwaka 1858 mvumbuzi Henry Bessemer alianzisha kiwanda chake cha feleji Sheffield. Mvuke ulioendesha viwanda vya huko haukuhitaji anguko la maji. Katika matoleo ya baadaye, anayetafuta sababu ya kiwanda kuwa pale kilipo afuate reli.