Wapekuzi wa Protini

Maltipo sklerosisi ni maradhi ambayo kinga ya mwili huishambulia mailini, yaani ala ya mafuta na protini inayofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Wanaostahili pongezi hapa ni wataalamu wa maabara wanaotafuta viashiria vyake vya kiprotini kwa kutumia wanyama. Mwaka 1933 Thomas Rivers na wenzake, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, waliwadunga kima tishu ya ubongo wa sungura mara nyingi, na baadhi yao wakapata uvimbe ulioharibu mailini. Siku hizi panya hudungwa kipande tu cha protini ya mailini. Ubora wa njia hii ni kwamba mwanzo wa ugonjwa hujulikana, hivyo damu ya panya huweza kupimwa hata kabla mkia wake haujalegea, ambayo ndiyo dalili ya kwanza, ilhali mgonjwa hufika hospitalini maradhi yakiwa yamekwisha kuanza. Kisha mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake hulinganisha maelfu ya protini, nayo ni kazi ya subira kubwa, kwa kuwa nyingi hupanda kwa uvimbe wowote ule. Panya si mtu, na tiba nyingi zilizomfaa zimeshindwa kwa wagonjwa. Lakini neurofilamenti nyepesi, protini ya kiunzi cha neva inayovuja neva inapoharibika, hupanda katika damu ya wote wawili, na madaktari sasa huitumia kufuatilia tiba, ingawa peke yake haithibitishi ugonjwa.