Nyanya za Siku Moja: Kosa la Kitaluni katika Mashamba ya Lushoto

Katika mashamba madogo ya familia ya milima ya Usambara, hasa yale ya ekari moja au pungufu yaliyo mabondeni Lushoto na Soni, mwanzo wa kiangazi, yaani Juni na mapema Julai mara baada ya masika, ndipo nyanya huwa adimu, kwa kuwa mvua na bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani penye baridi na unyevu, huwa vimekwisha kulipunguza zao la miezi iliyotangulia. Hata hivyo, desturi ya kuhamishia miche yote shambani kwa siku moja haiteteeki kiufundi, hata kama hufanywa na familia zenye bidii isiyotiliwa shaka.

Matuta ya kukinga mmomonyoko, samadi iliyooza vizuri, kabichi na karoti: katika hayo mengi hufanywa sawasawa, na hayahitaji maelezo.

Tatizo ni nyanya, na mzizi wake uko kitaluni. Mche wa nyanya hufaa kuhamishwa ukiwa na umri wa wiki 4 hadi 6, na ukipita hapo hurefuka, hudhoofika na huchelewa kushika udongo. Kwa hiyo familia inayosia mbegu zote mara moja mwishoni mwa Machi huwa imejifungia njia, kwa sababu ifikapo Mei mapema miche yote hudai kuhamishwa kwa pamoja, na mwenye shamba hudhani anaamua jambo ambalo kwa hakika lilikwisha kuamuliwa zaidi ya mwezi mmoja nyuma. Aina zinazopendwa ni fupi, yaani zile ambazo shina lake hukoma kurefuka na matunda yake huiva karibu kwa wakati mmoja, takriban siku 75 tangu kuhamishwa. Matokeo yanajulikana: katikati ya Julai shamba zima huwa jekundu, mikono ya kuchuma haitoshi, na dalali, ambaye anajua kwamba nyanya iliyoiva haimsubiri mtu, hutaja bei anayoitaka. Kama mbegu zingesiwa kwa awamu tatu zilizopishana wiki mbili, miche ingehamishwa kuanzia Mei mapema hadi Juni mapema, na mavuno yangenyooka hadi Septemba bila kuongeza hata hatua moja ya ardhi.

Watetezi wa siku moja wana hoja moja yenye uzito, nayo ni kantangaze, nondo ambaye kiwavi wake hutoboa majani na matunda na ambaye aliripotiwa nchini Tanzania mwaka 2014. Wanasema kwamba nyanya za umri tofauti humpa mdudu huyo daraja la kuvuka kutoka mimea mizee kwenda michanga. Hoja hiyo ni sahihi pale awamu zinapobanana, lakini hupoteza nguvu awamu mpya ikiwekwa upande unaotoka upepo, ikatenganishwa na ya zamani kwa mahindi au kabichi, na masalia ya awamu iliyokwisha yakang'olewa na kufukiwa siku ileile badala ya kuachwa yakauke shambani.

Ubishi huu usingekuwa mkali kama nyanya aina ya Tengeru 97 ingepewa nafasi zaidi. Mbegu hiyo, iliyotolewa mwaka 1997 baada ya utafiti uliofanyika Arusha, ina ganda gumu, huhimili minyoo fundo inayovimbisha mizizi, na hukaa muda mrefu baada ya kuchumwa, sifa ambazo chotara wengi wanaosifiwa leo kwa ukubwa wa tunda hawajazifikia zote kwa pamoja. Wachaga nao, katika kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa, viazi vikuu na maharage, walikwisha kuonyesha zamani kwamba familia yenye ardhi ndogo hupanga chakula na fedha zake kwa kutofautisha nyakati za kuiva.

Halafu huja tenga. Nyanya nyekundu na zile zilizoanza tu kugeuka rangi huchanganywa katika tenga moja la mbao na kujazwa hadi kufanya kichuguu juu, dada wa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ambayo sheria ya vipimo inaikataza, kisha huteremshwa kutoka Lushoto takriban kilomita 32 za kona hadi Mombo, chini ya milima, kwenye joto, ambako etilini, gesi inayotolewa na tunda linaloiva, huziivisha zile changa kabla ya kufika Dar es Salaam. Mavuno ya awamu yangewezesha kuchagua rangi moja kwa kila tenga; mavuno ya siku moja humlazimisha mchumaji kujaza chochote kilicho mkononi.