Busia Mbili, Malaba Mbili: Uhakiki wa Kanuni ya Kufuta Marudio

Katika orodha ya viungo, kila kiungo hubeba thamani pamoja na anwani ya kiungo kinachokifuata. Orodha ikiwa imepangwa, thamani zinazolingana hukaa jirani. Hivyo kanuni ya kufuta marudio hupita mara moja tu, ikilinganisha kiungo na jirani yake, na vikilingana hukiruka cha pili. Hatuna ugomvi na mwendo huo.

Tuipeleke mpakani. Miji ikipangwa kwa alfabeti tunapata Busia, Busia, Malaba, Malaba, Tororo. Programu hurudisha Busia, Malaba, Tororo. Miji miwili imefutika bila ujumbe wowote wa kosa! Ilhali ipo Busia ya Kenya na ipo ya Uganda. Malaba moja imo katika Kaunti ya Busia, nyingine katika Wilaya ya Tororo. Mzigo ulioandikiwa ng'ambo moja utasomeka kuwa wa ng'ambo ya pili.

Wanafunzi huonywa zaidi juu ya kosa jingine: kusonga mbele mara tu baada ya kufuta, hata nakala ya tatu ikasalia. Onyo ni sahihi, lakini nakala iliyosalia huonekana kwa macho. Mji uliofutwa hauonekani, kwa kuwa matokeo ni nadhifu. Kasoro haimo katika kitanzi bali katika swali linalokitangulia: vinalingana kwa lipi? Orodha ikipangwa kwa nchi kisha kwa jina, na ulinganisho ukashika yote mawili, kanuni ileile itafuta Busia ya Kenya iliyoandikwa mara mbili na kuiacha ya Uganda mahali pake.