Juu ya Alama za Sauti katika Hadithi za Picha

Mwalimu afundishaye kwa picha hudhani kwamba picha haihitaji kufunzwa, maana macho ni ya watu wote. Dhana hiyo si kweli, na mfano mmoja utatosha.

Katika darasa moja la watoto hapa Tunduma nalionyesha hadithi ya Mwana Mpotevu, iliyochorwa kwa picha nne. Katika picha ya pili kijana ameketi kati ya nguruwe, na juu yake pana maneno ndani ya umbo la wingu, na viduara vidogo vyashuka hata kichwani pake. Mchoraji alitaka kusema: Haya anayawaza moyoni. Nikauliza, "Wingu hili ni nini?" Mtoto mmoja akajibu, "Ni moshi, Mwalimu." Mwingine akasema kijana anaongea na nguruwe. Darasa likacheka, walakini mimi sikucheka, kwa kuwa hadithi nzima imesimama juu ya alama ile. Katika Luka 15 kijana hupanga moyoni maneno atakayomwambia baba yake, na la mwisho ni kuomba afanywe kama mmoja wa watumishi wa mshahara. Lakini baba humwahi njiani na kumbusu, na ombi lile la mwisho kijana hafiki kulitamka. Asiyetenga la kuwazwa na la kusemwa hataona jinsi huruma ilivyotangulia ombi.

Basi tusiwalaumu watoto. Alama hizi ni desturi, kama herufi zilivyo desturi. Jan van Eyck, aliyechora Gabrieli akimpasha Mariamu habari karibu na mwaka 1434, aliandika maneno yakitoka vinywani mwao. Na jibu la Mariamu aliligeuza juu chini, lipate kusomwa na aliye mbinguni. Duara la maneno lenye mkia uelekeao kinywa lilienea sana kwa magazeti ya Marekani tangu mwisho wa karne ya 19. Kwetu, gazeti la Sani, la Dar es Salaam, limewazoeza wasomaji wengi desturi hiyo kwa vituko vya Ndumilakuwili na Lodilofa. Waliolisoma walijifunza pasipo mwalimu, kwa kuazimana. Lakini mtoto wa kijijini Momba au Ileje, ambaye kitabu cha somo ndicho picha yake ya kwanza, hakupata mazoezi hayo.

Jambo la pili ni maneno ya mivumo. Wako wachoraji wetu ambao, mtu aangukapo, huandika mlio wa Kizungu, kana kwamba ardhi ya Afrika haina sauti yake. Huu ni umaskini wa kujitakia. Mswahili huanguka pu, hutumbukia majini chubwi, hulala fofofo. Hata kimya kina neno lake: watu hunyamaza jii. Lugha inayoweza kuusikilizisha ukimya inampa mchoraji kitu ambacho mistari peke yake haiwezi. Mlio wa kigeni humsimamisha msomaji mgeni mahali palepale ambapo hadithi ingetaka akimbie. Neno la nyumbani humpeleka mbele.

Tena watoto wengi wa Songwe hawakuanza kusema kwa Kiswahili. Nyumbani husema Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali au Kimalila, na Kinyamwanga husikika pande zote mbili za mpaka. Kila lugha ina masikio yake. Kwa hiyo, kabla ya kusoma, mwalimu aulize: Chungu kikivunjika, kwenu husemaje? Aandike majibu ubaoni kando ya neno la Kiswahili.

Napendekeza desturi tatu. Kwanza, alama zifundishwe siku ya kwanza, kama irabu: mkia waonyesha asemaye, wingu ni wazo, ukingo wenye miiba ni ukelele. Pili, mtoto mmoja asome la wingu kwa kunong'ona, na mwingine asome la mkia kwa sauti kuu, ili sikio lithibitishe lililoonwa na jicho. Tatu, anayeagiza picha za mafundisho azijaribu kwanza kwa watoto wachache, awaache waseme wanachokiona, naye asiwasaidie. Akisikia "moshi", na atengeneze picha kabla haijapigwa chapa.